Mizani Haioni Misuli: Mabadiliko ya Misuli na Mafuta katika Uvimbe Sugu wa Utumbo

Mtahiniwa, soma swali hili kabla ya kuendelea.

Msichana wa Butiama mwenye umri wa miaka 19 ameumwa tumbo na kuharisha mara kwa mara kwa mwaka mzima. Wakati mwingine kinyesi kina damu. Alikuwa na kilo 56, sasa ana kilo 54. Urefu wake ni mita 1.60. Hawezi tena kubeba ndoo ya maji aliyokuwa akiibeba mwaka jana. Nyumbani wanasema: "Uzito ni ule ule, huo ni uvivu tu." Eleza kwa nini kauli hiyo inaweza kuwa na makosa.

Wanafunzi wengi hujibu, "Kwa sababu hali vizuri." Jibu hilo lina ukweli, lakini ni sehemu ndogo tu ya maelezo. Swali linagusa mada ya lishe, mada ya mjongeo na mada ya kinga ya mwili kwa pamoja. Tulijibu hatua kwa hatua.

Uvimbe sugu wa utumbo ni nini?

Neno uvimbe hapa halina maana ya saratani. Fikiria kidole kilichochomwa na mwiba: huwa chekundu, hupata joto, huvimba na kuuma. Hiyo ni kazi ya kinga ya mwili, na mwiba ukitoka, uvimbe hupungua. Katika ugonjwa huu kinga hushambulia ukuta wa utumbo wenyewe, na haitulii.

Kuna aina kuu mbili. Ya kwanza ni ugonjwa wa Crohn, ulioitwa kwa jina la Burrill Crohn, daktari wa New York aliyeueleza pamoja na wenzake mwaka 1932. Unaweza kutokea popote kuanzia mdomoni hadi njia ya haja kubwa, lakini mara nyingi hukaa mwisho wa utumbo mwembamba. Ya pili ni kolaitisi ya vidonda, ambayo hukaa kwenye utumbo mpana tu. Magonjwa haya hayaambukizi.

Kwa nini misuli hupungua?

Andika sababu tano, na kila moja uitolee maelezo.

1. Chakula kinachoingia ni kidogo. Mgonjwa anayejua kwamba akila ataumwa, hupunguza kula.

2. Ufyonzwaji hupungua. Ukuta wa utumbo mwembamba una vijinyuzi kama vidole, viitwavyo vilai, vinavyoongeza eneo la kufyonza chakula. Uvimbe ukiviharibu, asidi amino nyingi hupita bila kuingia kwenye damu.

3. Protini huvuja. Vidonda vya utumbo hutoa damu na majimaji yenye protini, navyo hutoka na kinyesi.

4. Uvimbe wenyewe huvunja misuli. Seli za kinga hutoa kemikali za kupeana taarifa ziitwazo saitokini. Zikizidi, huiamuru seli ya msuli ivunje protini zake haraka kuliko inavyozijenga. Asidi amino zinazotoka huko huenda kwenye ini kutengeneza protini za ulinzi, na kwenye seli za kinga zinazogawanyika kwa kasi.

5. Mgonjwa hapumziki kwa hiari, bali kwa uchovu. Msuli usiofanyishwa kazi hunyauka.

Sababu ya nne ndiyo wengi huisahau. Mtu mwenye afya akikosa chakula kwa siku nyingi, mwili wake hutumia kwanza glaikojeni ya ini, kisha hutegemea zaidi mafuta, ili kuihifadhi misuli. Huo ni utaratibu mzuri wa kubana matumizi. Lakini kwa mwenye uvimbe mkali utaratibu huo huvurugika. Misuli huvunjwa hata kama mafuta bado yapo, na hata kama chakula kinaliwa. Kumbuka pia kwamba mwili una ghala la mafuta, lakini hauna ghala la protini la akiba tu. Protini ikihitajika haraka, huchukuliwa kwenye misuli inayofanya kazi.

Mafuta huenda wapi?

Usiandike kwamba mgonjwa "hukonda mafuta yote". Mafuta yanaweza kuhama mahali.

Ugonjwa ukiwa mkali, mafuta yaliyo chini ya ngozi ya mikono, mapaja na mashavu yanaweza kupungua. Lakini kwa wagonjwa wengi wa Crohn, mafuta yaliyo ndani ya tumbo huongezeka na kulizunguka eneo la utumbo lenye ugonjwa, kama kitambaa kilichofungwa juu ya jeraha. Seli hizo za mafuta hazikai kimya. Nazo hutoa homoni na saitokini, kwa hiyo zinahusika katika uvimbe.

Dawa pia huchangia. Prednisoloni, ambayo ni dawa ya kundi la steroidi, hutuliza uvimbe haraka. Ikitumika kwa muda mrefu huongeza hamu ya kula, hujaza mafuta usoni, tumboni na sehemu ya juu ya mgongo, na huku inavunja misuli ya mapaja na mabega. Mtu anaweza kuonekana amenenepa uso, kumbe kuinuka kwenye kigoda kunamshinda. Hata hivyo, mgonjwa asiiache dawa hiyo ghafla bila daktari, kwa sababu mwili wake huwa umepunguza kutengeneza homoni ya aina hiyo.

Kwa nini mizani hudanganya?

Turudi kwa msichana wetu. Kokotoa uwiano wa uzito na urefu: uzito kwa kilo, gawanya kwa urefu kwa mita uliozidishwa kwa wenyewe.

Mwaka jana: 56 ÷ (1.60 × 1.60) = 56 ÷ 2.56 = 21.9
Mwaka huu: 54 ÷ 2.56 = 21.1

Kwa mtu mzima, kiwango cha kawaida ni 18.5 hadi 24.9. Namba zote mbili ni nzuri. Sasa chukulia kwamba amepoteza kilo 5 za misuli na kuongeza kilo 3 za mafuta tumboni. Mizani itasoma kilo 2 tu zimepungua, wakati nguvu ya kubebea ndoo imekwenda na zile kilo 5.

Ndiyo maana wataalamu hupima pia nguvu ya kiganja, mzunguko wa mkono wa juu, au muda wa kuinuka kitini mara 5 bila kushika kitu. Mtu anayetumia zaidi ya sekunde 15 katika jaribio hilo hudhaniwa kuwa na udhaifu wa misuli.

Tahadhari kwa mkazi wa Mara

Kuharisha damu kwa muda mrefu hapa kwetu kuna sababu nyingi. Vijiji vya ziwani Musoma na Bunda viko katika eneo la kichocho cha utumbo, kinacholetwa na Schistosoma mansoni. Konokono wa jamii ya Biomphalaria hutoa lava majini, nao huingia mwilini kupitia ngozi. Minyoo hukaa kwenye mishipa ya damu ya utumbo, na mayai yanayokwama ukutani huleta uvimbe. Mayai mengine hupelekwa na damu hadi kwenye ini. Baada ya miaka, ini hupata makovu, bandama huvimba, na maji yanaweza kujaa tumboni. Kwa hiyo tumbo kubwa juu ya miguu myembamba si lazima liwe kitambi. Linaweza kuwa maji.

Kichocho hupimwa kwa kuangalia kinyesi kwenye darubini, na hutibiwa kwa prazikwanteli. Amiba na kifua kikuu cha utumbo navyo hufanana na magonjwa tuliyoyaeleza. Vipimo hufanyika kwanza, kwa sababu steroidi ikitolewa kwa mwenye amiba au kifua kikuu ambacho hakijagunduliwa, hali inaweza kuwa mbaya sana. Anza zahanati au kituo cha afya. Ikibidi utapewa rufaa hadi hospitali ya mkoa Musoma au Bugando, Mwanza. Crohn na kolaitisi huthibitishwa kwa kipimo cha kamera na kipande kidogo cha ukuta wa utumbo kinachochunguzwa maabara.

Misuli hurudije?

Kwanza uvimbe utulizwe. Chakula peke yake hakitoshi, kama vile kujaza maji kwenye ndoo iliyotoboka. Pili, protini iongezwe: mtu mzima mwenye afya huhitaji takribani gramu 0.8 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, na ugonjwa ukiwa mkali ni gramu 1.2 hadi 1.5. Kwa kilo 54, hiyo ni gramu 65 hadi 81. Dagaa, sato, mayai na maziwa husaidia. Mwenye utumbo uliobana amuulize daktari kuhusu maharage na vyakula vyenye nyuzi nyingi. Tatu, mazoezi ya nguvu yaanze polepole.

Sasa unaweza kulijibu swali la mwanzo. Na kama nyumbani kwenu yupo anayeitwa mvivu huku anaharisha mwezi baada ya mwezi, usisubiri matokeo ya mtihani. Mwambie mama au baba ampeleke akapimwe.

Maswali ya kujipima

1. Taja tofauti moja kati ya ugonjwa wa Crohn na kolaitisi ya vidonda.
2. Eleza tofauti ya matumizi ya akiba ya mwili kati ya mtu mwenye afya aliyekosa chakula na mtu mwenye uvimbe mkali.
3. Mgonjwa ana uso wa duara na mapaja membamba. Eleza jinsi dawa inavyoweza kuleta hali hiyo.
4. Toa sababu mbili tofauti za tumbo kuwa kubwa kwa mtu aliyekonda miguu.
5. Mgonjwa ana kilo 60 na ugonjwa wake ni mkali. Kokotoa kiasi cha protini anachohitaji kwa siku. (Jibu: gramu 72 hadi 90.)