Mshahara wa askari ukipanda, ‘chai’ ya barabarani itashuka?

Anayevusha vitunguu au dagaa mpakani anaijua hadithi hii. Lori linasimamishwa, karatasi zinakaguliwa, kisha linakuja ombi la ‘chai’. Utetezi nao ni ule ule: mshahara hautoshi. Sasa mshahara ukiongezwa, je?

Nchini Kenya, kikosi kazi kilichoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu David Maraga kilipendekeza hali za polisi na askari magereza ziboreshwe. Serikali ikatangaza nyongeza ya asilimia 40, kwa awamu 3 za mwaka mmoja mmoja kuanzia Julai 1, 2024. Kwa askari anayelea familia katika kota chakavu, hiyo ni haki yake. Kwa mwenye mzigo, swali ni iwapo naye atapumua.

Ghana ililijaribu jambo hili mapema. Mwaka 2010 ilipandisha mishahara ya polisi takriban maradufu, ikitarajia rushwa ipungue. Maofisa wake wa forodha, pamoja na polisi wa jirani yake Burkina Faso, hawakupata nyongeza hiyo. Watafiti Jeremy Foltz na Kweku Opoku-Agyemang walipitia kumbukumbu za safari zaidi ya 2,100 za malori katika njia kuu za eneo hilo, wakalinganisha makundi hayo.

Matokeo yaliwashangaza wengi. Polisi wa Ghana waliongeza bidii ya kudai, na fedha walizotoa madereva zikapanda. Mfuko wa askari ulikuwa umenona, lakini vizuizi vilibaki palepale, na aliyedai hakuwa na hofu ya kupoteza kazi.

Georgia ilikwenda njia nyingine. Mwaka 2004 iliwafukuza askari wake wote wa usalama barabarani, ikaajiri wapya, ikawalipa vizuri zaidi na kuwasimamia kwa ukali. Rushwa ya barabarani ikapungua sana. Mshahara ulifanya kazi kwa sababu aliyeupata alijua unaweza kumponyoka.

Kwa mfanyabiashara wa Afrika Mashariki, funzo ni kutoingoja nyongeza ya mtu mwingine imwokoe. Bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya, zilizomo kwenye orodha iliyokubaliwa na zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, hupewa cheti rahisi cha uasili pale pale mpakani, na hazitozwi ushuru wa forodha. Mwenye cheti hicho mkononi, na anayedai risiti kwa kila shilingi anayotoa, humpunguzia askari nafasi ya kupanga bei yake.

Serikali nazo zina deni. Zikiongeza mshahara, ziondoe na vizuizi visivyo na kazi, na malalamiko ya wasafirishaji yafikie mwisho unaoonekana. La sivyo, mlipa kodi atalipa mara mbili: kwanza kwenye bajeti, kisha dirishani mwa lori.