Kibuyu Kimoja, Hukumu Mbili: Wanawake na Pombe Ukambani

Mwanamume wa Mbumbuni atakaye kunywa jioni, kazi za shamba zikiisha, hahitaji kujificha. Hupita barabarani mbele ya watu, huketi kilabuni na rafiki zake, na kesho yake husalimiwa kama kawaida. Mwanamke atakaye kinywaji kile kile hufunga mlango wa jiko kwanza. Akionekana mara moja tu, habari yake itafika kwa mama mkwe kabla yeye mwenyewe hajafika nyumbani. Pombe ni moja, lakini hukumu ni mbili.

Mbumbuni iko Mbooni Mashariki, katika kaunti ya Makueni, nchi ya Wakamba. Jambo hili haliko hapo peke yake. Hata ng'ambo ya mto Athi, katika kaunti ya Kitui, mambo ni hayo hayo. Lakini ili kulifahamu vema, yafaa kwanza kutazama desturi ya zamani.

Pombe ya Wakamba, ama ya asali ama ya maji ya miwa, ilitiwa katika kibuyu pamoja na matunda makavu ya mratina, ikawekwa karibu na moto mpaka ikachachuka. Haikuwa kinywaji cha kila mtu. Ilikuwa ya wazee, na ilikuwa na kazi yake: kumaliza shauri, kupokea mahari, kuomba mvua, kuwashukuru jirani waliosaidia shambani. Kijana hakuruhusiwa kulewa, wala mwanamke aliye katika umri wa kuzaa. Kikongwe tu ndiye aliyeweza kupewa sehemu yake kwa heshima ya miaka yake. Hata hivyo, maji yaliyotengenezea pombe ile yalichotwa na wanawake, na kuni zilibebwa kwa migongo yao. Tangu mwanzo, basi, kazi ya mwanamke ilikuwamo ndani ya kibuyu, ingawa kinywa chake hakikuwamo.

Fedha ndiyo iliyogeuza mambo. Katika wakati wa ukoloni wanaume wengi wa Ukambani walikwenda Nairobi na Mombasa kutafuta mshahara, na wengine waliandikwa katika jeshi na polisi. Wanawake waliobaki walilima, wakachunga na kulea peke yao. Mvua ya Ukambani si ya kutegemewa. Mahindi yakikauka, mbaazi na kunde hazitoshi kulipa karo. Pombe, ambayo zamani haikuuzwa, ikawa bidhaa. Mjini Nairobi, katika mtaa wa Pumwani, wanawake wengi waliishi kwa kuuza pombe tangu miaka ya 1920. Vijijini vilevile, mjane au mke ambaye mumewe haleti fedha alijifunza kwamba sufuria moja ya pombe huleta shilingi upesi kuliko gunia la mbaazi.

Serikali nayo ilijaribu njia nyingi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Rais Moi alipiga marufuku pombe za kienyeji, na mwaka 1980 ikatoka sheria ya kukataza chang'aa. Pombe haikwisha; iliingia vichakani na katika majiko ya usiku. Mwaka 2010 Bunge lilipitisha sheria mpya ya vileo, ikaruhusu chang'aa itengenezwe na kuuzwa kwa leseni na kwa masharti, na ikakataza kumwuzia mtu asiyetimiza miaka 18. Lakini mwanamke mwenye sufuria moja hana fedha za leseni wala jengo litakiwalo. Kwa hiyo askari wakija, yeye ndiye hukamatwa na kutozwa faini, na wanywaji waliompa fedha hurudi kwao salama.

Hatari ya pombe ya kujificha imeonekana wazi. Mwezi wa Juni 2005, huko Machakos, watu zaidi ya 40 walikufa kwa kunywa pombe iliyotiwa methanoli, na wengine walipofuka. Mwezi wa Mei 2014 pombe ya namna hiyo iliua watu wengi katika kaunti kadhaa, zikiwamo Embu na Kitui.

Sasa lipo jambo ambalo halisemwi barazani. Mwanamke apikaye pombe huionja ili ajue imeiva; mara nyingine hunywa kwanza mbele ya wateja, wapate kuamini kwamba haina sumu. Hivyo wapo walioanza kwa kuonja, wakaendelea kwa uchovu, wakaishia katika ulevi. Wengine hawakupika kamwe; waliianza chupa kwa sababu ya huzuni, au ya mume mkali, au ya kazi isiyo na mwisho.

Ni wangapi? Katika uchunguzi wa afya uliofanywa Kenya nzima mwaka 2015, karibu mwanamume mmoja katika kila watatu alisema hunywa, lakini mwanamke mmoja tu katika kila ishirini. Bila shaka wanawake hunywa kidogo kuliko wanaume. Lakini msomaji na akumbuke kwamba hesabu ile ilitegemea jibu la mtu mwenyewe, na mwanamke aliyefundishwa kuficha kikombe mbele ya jirani hatakifunua upesi mbele ya karani mgeni.

Kuficha huko ndiko kuna madhara makubwa. Mwili wa mwanamke kwa kawaida una maji machache kuliko wa mwanamume, kwa hiyo kipimo kile kile humlevya upesi na kumdhuru zaidi. Akiwa na mimba, pombe humfikia mtoto tumboni, na waganga hawajui kiasi chochote kilicho salama. Mtoto aweza kuzaliwa na akili au mwili uliodhurika kwa maisha yake yote. Mama huyo ndiye apaswaye kuulizwa mapema katika zahanati, kwa upole, naye ajibu kweli. Lakini akijua kwamba neno moja litamfanya aitwe mwanamke asiyefaa, atanyamaza. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua.

Wapo wasemao kwamba aibu ndiyo iliyowalinda wanawake tangu zamani. Neno hilo lina ukweli kidogo. Lakini desturi ya zamani haikumkataza mwanamke peke yake. Ilimkataza na kijana, na mzee naye alinywa kwa sababu na kwa kiasi. Wanaume wameitupa sehemu ya desturi iliyowafunga wao, wakaishika ile iwafungayo wake zao. Mume anywaye fedha za karo huitwa mtu wa starehe. Mke apikaye pombe ili kuilipa karo hiyo hiyo huitwa mharibifu. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Dawa haiko katika kuwahimiza wanawake wanywe hadharani kama wanaume. Iko katika kipimo kimoja kwa wote. Vikundi vya mwethya, ambavyo vimechimba mitaro na kujenga mabwawa Ukambani kote, vyaweza pia kumkopesha mpika pombe mtaji wa kuku au wa miche ya maembe, apate njia nyingine ya kulipa karo. Muuguzi na amwulize mama bila kumkemea. Mtu yeyote ashindwaye kuacha, mume au mke, aweza kupiga simu namba 1192 ya NACADA, isiyolipiwa, akapewa shauri kwa siri.

Na mwanamume atakaye mke asiyejua pombe na aanze na kikombe kilicho mkononi mwake mwenyewe.