Upupu: Mkunde Wenye Silaha Mbili

Upupu ni mmea pori wa jamii ya mikunde, ukoo mmoja na kunde, choroko na maharage, ambao hutambaa na kujizungusha kwenye miti na vichaka vya nchi za joto za Afrika na Asia, na ambao ulipewa jina lake la kisayansi la sasa, Mucuna pruriens, mwaka 1825 na Augustin Pyramus de Candolle, mtaalamu wa mimea wa Uswisi. Katika pwani ya Tanzania mahali pake ni kingo za mito, vichaka vya mabondeni na mashamba yaliyoachwa, mazingira ambayo Dar es Salaam bado inayo kwenye mabonde kama lile la mto Kizinga, unaopita Mtoni, wilayani Temeke, kuelekea baharini. Anayeufahamu kwa kuwashwa tu, na wengi ndivyo wanavyoufahamu, hajaujua hata nusu.

Shina la upupu ni jembamba na haliwezi kusimama lenyewe, hivyo ncha yake huzunguka polepole hewani, kwa kuwa pande zake hukua kwa kupokezana kasi, mpaka iguse mti au ukuta na kuanza kuupanda. Katika msimu mmoja huweza kupanda mita kadhaa. Kila jani lina vijani vitatu, kama la kunde. Maua hutoka katika vishada vinavyoning'inia, yakiwa na rangi ya zambarau iliyokoza inayokaribia weusi, na mtu akilifungua ua moja atakuta petali tano: moja fupi iliyosimama mgongoni, mbili za ubavuni, na mbili za chini zilizoshikana na kuzificha ndani yake sehemu za uzazi za ua. Ni ua zuri ambalo wachache hulisogelea.

Maua yakishapita huja maganda ya mbegu, yenye urefu wa sentimita 5 hadi 10 na umbo la herufi S, yaliyofunikwa na nywele ngumu za kahawia inayong'aa ambazo, ganda likikauka, hupukutika kwa upepo mdogo tu. Kila unywele hauzidi milimita chache, na nchani una miiba midogo inayousaidia kung'ang'ania ngozini. Hata hivyo, kuchoma siko kunakowasha. Mwaka 1955 Walter Shelley na Robert Arthur, watafiti wa Marekani, walionyesha kwamba nywele hizo hubeba mukunaini, ambayo ni kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemia, na ni ya kundi moja na kile cha utomvu wa papai kinacholainisha nyama. Nywele zikipashwa moto mkali huchoma kama kawaida lakini haziwashi tena, kwa sababu kimeng'enya kimeharibika. Mukunaini huichokoza mishipa ya fahamu moja kwa moja, ndiyo maana dawa za kawaida za mzio husaidia kidogo. Aliyemwagiwa upupu asijikune, kwani kujikuna huzizamisha na kuzisambaza nywele. Abandike utepe wa gundi juu ya ngozi na kuubandua, kisha aoge kwa maji mengi. Katika karne ya 18 waganga wa Uingereza walizichanganya nywele hizo na sharubati nzito na kuwanywesha wagonjwa ili kufukuza minyoo, tiba ambayo bila shaka iliogopwa kuliko minyoo yenyewe.

Silaha ya pili imo ndani ya mbegu, nayo ni levodopa, kemikali inayowafukuza wadudu waharibifu na ambayo mwili wa binadamu huigeuza kuwa dopamini, kipeleka-ujumbe cha ubongo kinachopungua kwa wenye ugonjwa wa Parkinson. Wanasayansi wa India waliitenga kutoka kwenye mbegu hizi mwaka 1937, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1960 levodopa ilikuwa tiba ya ugonjwa huo. Lakini dawa hiyo hiyo ikizidi ni sumu. Mwaka 1989, katika jimbo la Nampula nchini Msumbiji, wakazi wengi walichanganyikiwa akili baada ya kula mbegu za upupu wakati wa ukame, kwa kuwa desturi ya kuzichemsha mara kadhaa na kumwaga maji kila mara ilishindikana pale maji yalipoadimika.

Aina inayolimwa, ambayo wakulima huiita mukuna, imepoteza silaha ya kwanza tu: maganda yake yana malaika laini yasiyowasha, ilhali mbegu zake bado zina levodopa. Katika miaka ya 2000 ilihimizwa, pamoja na ngwara, kwenye kilimo hifadhi cha Arumeru na Karatu kama zao funikizi, yaani zao linalofunika udongo ili lizuie magugu na mmomonyoko. Bakteria wanaoishi kwenye vinundu vya mizizi yake hunasa naitrojeni ya hewani, faida kubwa kwa udongo wa kichanga wa Temeke, ambao mbolea yake huoshwa upesi na mvua. Hupandwa mwanzoni mwa masika, mbegu mbili kila shimo, mahali pasipotuama maji. Ikichanganywa na mahindi, yatangulie kwa mwezi mmoja au zaidi, la sivyo itayapanda na kuyalaza. Ikianza kutoa maua hufyekwa na kuachwa itandazwe juu ya udongo ioze.

Mbegu zinunuliwe kwa muuzaji anayejulikana au zichukuliwe kwa mkulima aliyekwisha kuivuna mukuna kwa mikono mitupu. Zilizookotwa kichakani zisipandwe kabisa karibu na makazi.