Kuwinda ayala Kodiak bila gide

Kisiwani Kodiak, kule Alaska (Marekani), kuna wawindaji wanaolala ndani ya boti. Asubuhi wanashuka pwani na mtumbwi. Mmarekani anaruhusiwa kuwinda ayala bila gide. Siye wageni wa inchi zingine, sheria inatukataza.

Lakini gide asipokuwako, nani atawalinda na dubu? Kodiak na visiwa vya jirani vina dubu karibu 3.500, na mlio wa risasi unaweza kuwaita kwenye nyama.

Mpango unaanzia hapo. Watu watembee wawili wawili: mmoja akichuna, mwenzake anaangalia pori. Nyama ifike botini mbele ya giza, maana kuiacha porini ni kosa. Tena waongeze chakula na siku za akiba: upepo ukikasirika, boti haisogei.