Fanani Hajafa, Amehamia Kibanda cha Video

Husemwa mara kwa mara katika vyumba vya walimu kwamba Fasihi Simulizi imekufa. Kwamba fanani amebaki vitabuni tu, na hadhira yake imetekwa nyara na filamu za kigeni. Mimi siafiki. Ushahidi wangu nautoa kwa majirani zetu wa Uganda.

Katika mtaa wa Wakaliga, jijini Kampala, yupo mwongozaji wa filamu aitwaye Isaac Nabwana. Kabla ya kushika kamera alikuwa mfyatua matofali. Mwaka 2005 aliasisi kampuni yake, Ramon Film Productions, ambayo jina lake limetokana na majina ya nyanya zake wawili, Rachel na Monica. Filamu zake ni za mapigano: bunduki huundwa kwa vyuma chakavu, helikopta huchorwa kwa kompyuta aliyoiunga mwenyewe, na waigizaji ni majirani zake. Who Killed Captain Alex? ya mwaka 2010 ndiyo iliyomtangaza duniani. Mwaka 2019 Crazy World ilionyeshwa katika tamasha la filamu la Toronto, na mwaka 2022 kundi lake likashiriki katika maonyesho ya sanaa ya documenta, mjini Kassel, Ujerumani.

Wengi humsifu kwa kufanya makubwa kwa senti chache. Kwangu mimi, mwanaisimu, jambo kuu limo katika sauti. Nabwana ameeleza kwamba utotoni hakwenda sinema. Kaka zake ndio waliotazama, wakarudi nyumbani kumsimulia. Kwake, basi, filamu ilianza kama ngano. Si ajabu kwamba katika kazi zake husikika VJ Emmie, anayesimulia, kutania, kushangilia na kuwakejeli wahusika huku mchezo ukiendelea. Nakala ya Captain Alex isiyo na sauti hiyo haipo tena, kwa kuwa Nabwana alilazimika kufuta kazi ya awali ili kompyuta ipate nafasi ya filamu nyingine. Masimulizi yamekuwa sehemu ya kazi yenyewe.

Msimulizi wa aina hii si mgeni kwetu. Tanzania ilimjua Lufufu. Kenya inamjua DJ Afro. Hapa Ziwa, kijana anayeshindwa kutaja sifa tatu za fanani katika mtihani aweza kukuigizia masimulizi ya DJ Afro kwa kiimbo, takriri na vituo vyake vyote. Je, kijana huyo haijui Fasihi Simulizi, au swali ndilo halimfai?

Pingamizi nazijua. Lugha huchanganywa ovyo. Dhihaka nyingine, hasa dhidi ya wanawake, hazistahili kurudiwa. Damu humwagika bila sababu. Yote hayo ni kweli, na yote yanafaa kujadiliwa darasani. Ngano zetu nazo zina mazimwi wala watu na wake wenza wenye hila, wala hatuzifungii kabatini.

Namwomba mwalimu wa Kiswahili achague dakika tano za masimulizi yanayofaa, ayasikilize pamoja na wanafunzi, kisha wayanukuu na kuyachambua: ni wapi msimulizi ametafsiri? Ni wapi ametunga yake? Ni wapi ameiita hadhira ijibu? Mwanafunzi atakayeifanya kazi hiyo hatakuwa na haja ya kukariri sifa za fanani.