Spesa za Magurudumu Katika Pikapu za Shamba

Wanachama wetu,

Msimu uliopita gari ya mwenzetu mmoja ilichomoka gurudumu la nyuma katika mteremko, nayo imepakia magunia ya karafuu mbichi na wachumaji sita juu yake. Alhamdulillahi gari iliegemea ukingo wa barabara na hakufa mtu, ila kijana mmoja alivunjika mkono. Tulipokwenda kuitazama tulikuta stadi zote sita zimekatika mzizini. Siku tatu kabla, gari hiyo ilitiwa ringi pana za mtumba, na baina ya ringi na habu pakatiwa spesa. Kwa kuwa wengi wenu mnayataka magurudumu ya namna hii kwa ajili ya tope za njia za mashamba, tumeona yafaa tueleze.

Spesa ni pande la chuma au aluminiamu linalosogeza gurudumu nje. Hutiwa kwa sababu ringi ngeni aghalabu hugusa breki au vyuma vya usukani kwa ndani. Zipo namna mbili, na hazifanani ila kwa jina.

Ya kwanza ni kisahani chenye matundu, ambacho huvishwa tu katika stadi zile zile za gari. Ni rahisi kwa bei, na hapo ndipo khatari ilipo, kwani kila unene wa kisahani ni urefu uliopunguzwa katika stadi. Tuchukue Toyota Hilux ya 4x4, ambayo wengi wetu tunayo. Stadi yake ina unene wa milimita 12, na nati husonga milimita 1.5 kwa kila mzunguko. Nati yapasa ishike uzi usiopungua unene wa stadi. Basi ni mizunguko 8 kamili. Ihesabu kwa mkono wako mwenyewe, usimwachie fundi. Gurudumu la upande wa pili la gari ya mwenzetu lilikuwa bado limefungwa. Tulipolifungua tulihesabu mizunguko minne tu.

Labda mtu atauliza, stadi sita za chuma zitakatikaje? Jawabu ni kwamba stadi hazikuwekwa zibebe gari kwa ubavu. Kazi yake ni kuvuta, ili ringi igandamane na habu hata isiweze kusogea. Nati ikilegea, ringi hucheza, na stadi hupindwa huku na huku kwa kila mzunguko wa gurudumu, kama mtu anayevunja waya kwa vidole.

Namna ya pili ni spesa yenye stadi zake. Hufungwa kwenye habu kwa nati zake, kisha ringi hufungwa juu ya spesa. Hii yaweza kufaa, walakini kwa masharti. Matundu yake sita yawe katika duara ya milimita 139.7, na tundu la katikati lishike barabara kishingo cha habu, ambacho katika Hilux hiyo ni milimita 106 na ushei mdogo. Tena tazama stadi za zamani: zikichomoza nje ya spesa, ringi haitalala sawasawa, isipokuwa ringi yenyewe ina mashimo ya kuzipokea. Kuweka spesa mbili juu ya mwenzake ni wazimu.

Nati nazo si moja. Ringi yenye matundu ya mbonyeo hutaka nati za pia. Yenye matundu bapa hutaka nati za washa. Ukizibadilisha zitaonekana zimekaza, na hazikukaza. Ondoa kutu na rangi mahali pa kugusana, usitie grisi katika uzi, na kaza kwa kukingamisha, si kwa kufuata duara. Baada ya kilomita 50 hivi kaza tena; safari moja ya Mkoani mpaka Wete imetosha. Wengi husahau kwamba nati za ndani, zile za spesa, nazo hutaka kukazwa tena, na kwa hiyo ringi haina budi kuvuliwa.

Hata ikifungwa vizuri, spesa ina gharama yake. Shika pishi ya karafuu karibu na kifua, kisha nyosha mkono uishike mbali: uzito ni ule ule, bega ndilo linaloumia. Beringi za gari hupata hivyo hivyo. Na tairi isiyogusa madigadi gari ikiwa tupu yaweza kugusa ikipakiwa, basi ijaribuni na mzigo, tena mkikata usukani pande zote mbili.

Sisi kwa rai yetu, mwenye kuweza na anunue ringi inayokaa bila ya spesa. Aliyekwisha tia ile ya kisahani, tunamsihi aitoe kabla ya kupakia wachumaji. Spana ya kupimia mkazo ipo ofisini kwetu; mwanachama aje na kitabu cha gari yake ili tuone kipimo, na airudishe siku ile ile.