Kipimo cha mate, dawa ya straika anayeogopa sindano

MWAZYE, KALAMBO. Straika akikosa bao la wazi, mashabiki wanaulaumu mguu. Akikata pumzi dakika ya 60, wanasema hafanyi mazoezi. Ni wachache wanaouliza meno yake yakoje, au lini mara ya mwisho alipima afya.

Huku uwanda wa juu wa Ufipa, mkoani Rukwa, swali hilo ni zito. Kijana wa Mwazye anayeota kutoka ligi ya kata na siku moja kukipiga Uwanja wa Nelson Mandela mjini Sumbawanga, ambao Tanzania Prisons iliutumia kama nyumbani msimu wa 2020/21, hana daktari wa timu. Ana kocha, jezi za kuazima na mpira mmoja. Jino likiuma, anameza dawa ya maumivu, anaingia uwanjani, basi.

Lakini kitu kinachoweza kutoa taarifa mapema anacho mdomoni, tena bure. Ni mate.

MASTAA NAO MENO MABOVU
Asidhani ni tatizo la kijijini tu. Mwaka 2015 jarida la British Journal of Sports Medicine lilichapisha utafiti wa wachezaji 187 wa kulipwa kutoka klabu nane za England na Wales. Asilimia 37 walikutwa na meno yanayooza, na asilimia 53 meno yao yalikuwa yamelika kwa asidi. Asilimia 45 walisema hali ya vinywa vyao inawakera, na asilimia 7 walikiri inawaharibia mazoezi au mechi.

Hao wana madaktari, wapishi na mishahara minono. Vinywaji vyenye sukari na asidi vinatajwa kati ya sababu, na kuhema kwa mdomo dakika 90 hukausha mate ambayo ndiyo mlinzi wa meno.

Mate ni maji kwa takriban asilimia 99, lakini ile asilimia moja iliyobaki ndiyo yenye kazi. Ina madini ya kuimarisha jino, kinga dhidi ya vijidudu na kemikali za kupooza asidi. Yakipungua, jino linabaki kama kipa asiye na mabeki.

Kuyapima si kazi kubwa. Mtu anatafuna nta isiyo na ladha kwa dakika tano huku akitema kwenye kikombe chenye vipimo. Akitoa zaidi ya mililita moja kwa dakika, yuko salama. Akishuka chini ya 0.7, mate yake ni haba. Karatasi ya kupima asidi nayo inasaidia: kinywa kikishuka chini ya pH 5.5, tabaka gumu la nje la jino linaanza kuyeyuka.

YANASEMA HATA UCHOVU
Mate yana kinga iitwayo IgA, inayozuia vijidudu vya mafua na kikohozi visipenye. Mwaka 2008 ulitoka utafiti wa wanamichezo 38 wa mashindano ya mashua ya America's Cup, waliofuatiliwa kwa wiki 50. Mwanamichezo ambaye IgA yake ilishuka chini ya asilimia 40 ya kiwango chake cha kawaida, alikuwa na nafasi moja kati ya mbili ya kuugua mafua ndani ya wiki tatu.

Kwenye raga nako, Chuo Kikuu cha Birmingham kilitangaza mwaka 2021 kipimo cha mate cha kutambua mtikisiko wa ubongo, kilichokuwa sahihi kwa asilimia 94 kwa wachezaji wa kiume wa ligi mbili za juu za England. Hivyo ni vipimo vya maabara kubwa. Mwazye haviko.

DAKIKA 20 TU
Kipo kimoja kisichohitaji umeme wala maabara, nacho ni cha kujipima VVU kwa majimaji ya mdomoni. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza watu kujipima mwaka 2016, Kenya ikazindua mpango wake 2017, na Novemba 2019 Bunge la Tanzania likabadili sheria kuruhusu mtu ajipime mwenyewe.

Kijiti kinapitishwa mara moja kwenye ufizi wa juu, mara moja wa chini, kisha kinatumbukizwa kwenye kichupa chenye dawa. Jibu linasomwa baada ya dakika 20, lisipite dakika 40. Yaani mapumziko ya mechi na dakika tano za nyongeza. Hakuna sindano, hakuna foleni. Kwa wanaume, ambao wako nyuma ya wanawake katika kupima, hiyo si haba.

Kuna mambo ya kushika. Usile wala kunywa dakika 15 kabla ya kupima. Mistari miwili si hukumu ya mwisho, nenda kituo cha afya ukapimwe damu kuthibitisha. Mstari mmoja nao si leseni, kwa sababu maambukizi ya miezi mitatu ya karibuni yanaweza yasionekane.

Na ieleweke, kijiti hakitafuti virusi kwenye mate. Kinatafuta askari ambao mwili umewatengeneza kupigana na virusi. VVU haviambukizwi kwa mate, kwa hiyo hakuna sababu ya kumnyima mwenzako chupa ya maji.

Kocha wa kata anaweza kuanza kidogo. Kabla ligi haijaanza, azungumze na wahudumu wa afya waje siku ya mazoezi, waangalie meno na fizi, na waeleze kujipima. Asilazimishe mtu, na majibu yabaki siri ya mwenyewe. Namba kumi na moja inapangwa kwa kiwango, haipangwi kwa majibu ya kipimo. Aliyegundua mapema akaanza dawa anaendelea kucheza. Aliyeogopa kujua ndiye anayepotea uwanjani kimyakimya, na timu inabaki kusema alikuwa na kipaji.